Telefone inasema wakati sisi tumenyamaza



Leo tuko na neno juu ya telefone. Si bei ya mega, hapana, hiyo kila mtu analia nayo.

Telefone yenye intaneti inajua pale iko. Kama kamera imeruhusiwa kutumia ramani, kila picha inabeba ndani yake siku, saa na namba za mahali uliposimama. Kwa macho hauoni kitu. Unaona tu mama na gunia lake la unga mbele ya nyumba mpya. Lakini mwenye kupata faili ile anaweza kufika mpaka mlangoni. Na hapa Ituri, ambako tangu mwisho wa 2017 watu wa Djugu wamekimbia, wakarudi, wakakimbia tena, mlango wa mtu aliyerudi juzi na chakula ndani si kitu cha kutembeza.

Wafadhili, mtuelewe vizuri. Mnapoomba picha zenye GPS, na liste ya majina, namba za telefone na avenue, mnataka kujua kama pesa imefika. Ni haki yenu kabisa. Lakini liste ikishatoka Bunia, hatuishiki tena. Mwezi wa kwanza 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia penye habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotengana na jamaa zao sababu ya vita. Kama hao wakubwa waliingiliwa, je, kompyuta ya ofisi ndogo? Basi mje hapa, mfungue daftari, mhesabu magunia, mwaulize watu wenyewe. Nje tutatuma hesabu, bila nyuso, bila ramani.

Na sisi wanachama: telefone isiyo na kode, ukiiachia fundi ao kijana wa kuchaji, dakika moja inatosha aunganishe WhatsApp yako na mashine yake, na aendelee kusoma ukiwa nyumbani. Ingia « Appareils connectés », usichokitambua ukiondoe. Wenye telefone ya tochi wanatucheka, na wako na sababu.

Kabla ya kugawa unga mara ijayo, kila mwenye kupiga picha apitie kwanza kwa sekretere, wazime ramani ya kamera pamoja.