Mgonjwa wa Saratani Aulizwe Pia Kuhusu Mawazo

Hotuba kwa wakaazi wa Ngong



Mgonjwa wa saratani akifika kliniki hupimwa mengi kabla ya kumwona daktari: uzani, shinikizo la damu, joto la mwili. Yote huandikwa kwenye faili. Lakini huenda mgonjwa huyo hajapata usingizi kwa wiki mbili kwa ajili ya mawazo, na faili isiseme neno. Akiulizwa habari yake, atajibu "nzuri", kwa sababu salamu hujibiwa hivyo. Ndiyo maana kuna kipimo cha wasiwasi na cha sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka.

Kipimo hiki hakina sindano wala mashine. Ni maswali. Hojaji moja inayotumika sana ni PHQ-9, iliyochapishwa Marekani mwaka 2001, ambayo imetafsiriwa kwa Kiswahili na kutumika katika utafiti humu nchini. Ina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0, ikiwa tatizo halikuwapo, hadi 3, ikiwa lilikuwapo karibu kila siku. Jumla ya juu ni 27, na anayefikisha 10 huhitaji kuchunguzwa zaidi. Kwa upande wa wasiwasi kuna GAD-7, yenye maswali 7.

Kwa mgonjwa wa saratani kuna ugumu mmoja. Uchovu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya chakula ni dalili za sonona, lakini pia huletwa na saratani yenyewe na dawa zake. Kwa sababu hiyo, Zigmond na Snaith wa Uingereza walitunga mwaka 1983 hojaji ya wagonjwa wa hospitali, HADS, yenye maswali 14: 7 ya wasiwasi na 7 ya sonona. Waliepuka makusudi dalili za mwili ambazo ugonjwa wowote unaweza kuzileta.

Tuseme wagonjwa wawili wamepata alama 12 kila mmoja kwenye PHQ-9. Wa kwanza alama zake zimetoka kwenye usingizi, uchovu, chakula na kushindwa kutulia kwenye jambo moja, 3 kwa kila swali. Wa pili amepata 3 kwa huzuni, 3 kwa kutofurahia chochote, 3 kwa kujiona mzigo kwa jamaa, 2 kwa uchovu, na 1 kwa kuwaza kwamba heri afe. Jumla ni ile ile, shida si ile ile. Wa kwanza aangaliwe kwanza maumivu, upungufu wa damu na dawa anazotumia, bila kupuuza sonona. Wa pili asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla ya kuzungumza na mhudumu siku hiyo hiyo. Basi alama huanzisha mazungumzo; haziyamalizi.

Jambo lingine ni lugha. Katika Kaunti ya Kajiado, mama anayezungumza Kimaasai mara nyingi hutafsiriwa na mwanawe. Mama gani atamwambia mwanawe kwamba amechoka kuishi? Atasema yuko sawa, na alama zitakuwa ndogo. Jamaa waombe muuguzi au mhamasishaji wa afya anayeijua lugha yake, kisha watoke nje kwa dakika chache. Maneno nayo yachaguliwe. Wengi hawasemi wana sonona. Husema wana mawazo mengi. Kule Zimbabwe, Washona wana neno kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na wahudumu wa huko huanzia kwenye neno hilo.

Wapo wanaoficha kwa kuogopa sheria. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Mgonjwa anayekiri mawazo hayo anatafuta msaada, na apewe msaada.

Sonona hutibiwa hata saratani ikiwa bado ipo. Kuna ushauri nasaha na kuna dawa. Lakini daktari wa saratani ajulishwe kila dawa inayotumika: paroxetine, kwa mfano, ambayo ni dawa ya sonona, hupunguza nguvu ya tamoxifen, dawa ya saratani ya matiti. Asiyetibiwa sonona huanza kukosa kliniki, huacha vidonge, na jamaa hudhani ni ugonjwa umemlemea.

Kwa hivyo, mgonjwa akienda kliniki, yeye au jamaa yake aombe kuulizwa maswali haya, na ayajibu kwa ukweli jinsi anavyotoa damu bila kuificha. Yaulizwe tena kila matibabu yanapobadilika, na yanapomalizika pia, kwani hofu ya saratani kurudi haimaliziki na dawa. Anayelemewa usiku, kabla kliniki haijafunguliwa, anaweza kupiga 1199, nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.