Foto ya mzee iende na jina lake

(Maneno tuliyoyatoa mbele ya memba, Kalehe)



Komite ilituomba tuseme juu ya hii kazi ya kupiga foto wazee Batwa na maisha ya vijiji vyao. Mmeona mpiga-foto akipita pamoja nasi, na maulizo yamekuwa mengi. Foto zinaenda wapi? Nani anakula franga? Ni maulizo ya haki.

Mjue kwanza kwamba watu wa inchi yetu wamepigwa foto tangu zamani. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa Mpolandi mmoja, Casimir Zagourski, mwenye studio Léopoldville. Alizunguka, akatoa karte postale nyingi alizoziita «L'Afrique qui disparaît», maana yake Afrika inayopotea. Foto ni nzuri, hatukatai. Lakini ukisoma maandiko, mara nyingi unakuta jina la kabila tu. Jina la mtu, hapana. Leo mjukuu hawezi kunyoosha kidole na kusema: huyu njo nkambo yangu.

Hapa kwetu ni vile vile. Parke ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, na aliyesimama mbele ya ile kazi alikuwa Mbelgiji Adrien Deschryver, yeye mwenyewe mpiga-foto. Mwaka 1975 ikaongezwa, kutoka hektari 60,000 mpaka 600,000. Batwa waliokuwa wakiishi mule wakatolewa bila kulipwa. Foto za gorila zikazunguka dunia. Hata noti ya zaire 50,000 ya mwaka 1991, wazee wanaikumbuka, ilikuwa na gorila. Waliotangulia mbele wakikata pori na kusoma nyayo za gorila walikuwa Batwa. Sura zao hazikuwekwa kwenye noti.

Sasa kwa nini tunapiga tena? Ni juu ya udongo. Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inatambua haki za Batwa na Bambuti juu ya ardhi wanazozitumia tangu zamani. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikasema wazi kwamba Batwa wa Kahuzi-Biega walivunjiwa haki. Vizuri kabisa. Lakini sheria haijui jiko la mama lilikuwa fasi gani, wala kaburi liko chini ya mti gani. Wanaojua ni wale waliotolewa wakiwa vijana, na leo ni vikongwe. Ninyi mliorudi toka makambi mnaelewa hii mambo kuliko sisi. Ulifika, ukakuta mwengine analima shamba lako, chifu akauliza: shahidi wako nani? Wengi wenu mliokolewa na mzee mmoja aliyekuwa bado hai.

Basi mzee anachagua mwenyewe fasi ya kusimama na nguo ya kuvaa. Kuna mama aliyekataa katukatu kuvaa majani, akaenda kuleta kitenge chake cha kanisa. Yuko na haki. (Watu wa mjini wanaopenda foto za kugusa roho, mtoto na makamasi, nguo zilizopasuka, tumewaambia hapana.) Kila foto inaandikwa jina lake vile anavyolitaja yeye, kijiji, ukoo, na maneno aliyosema akionyesha mto ama mti. Tunarudi na kopi mbili za karatasi kabla foto yoyote haijaenda Bukavu: moja ya familia, moja ya sanduku la kijiji. Hakuna anayeuza. Wazee walituambia wazungu na mashirika walipiga, wakaenda, basi.

Kuna foto zisizotoka kamwe. Tangu familia zirudi ndani ya pori mwaka 2018, na damu iliyomwangika nyuma yake, sura ya mtu na fasi anayolala inaweza kumletea kifo. Kwa hiyo tunawaomba, msipige mzee kwa telefoni na kutuma kwa WhatsApp, hata kwa nia nzuri.

Hatutaficha jambo la mwisho. Fasi zingine ambazo wazee wanaonyesha, leo zinalimwa na memba wa hii mutualité. Mlikuja na njaa, mkapewa ama mkauziwa, hamkuiba. Lakini mzee naye hasemi uongo. Foto haikati kesi, na hatuwezi kuwaahidi kwamba hakuna atakayesogezwa. Tunachokataa ni mambo haya kuzungumzwa Bukavu bila ninyi na bila wao.

Kopi za kijiji cha kwanza ziko kwa sekretere, kwa ruhusa ya wenyewe. Wenye mashamba upande wa pori waje wazione kabla ya wengine, na waje na wazee wao.