Kusoma Karatasi ya Damu

Fungueni madaftari, na mwenye kalamu aishike. Leo hatusomi hadithi. Tunasoma karatasi moja ambayo watu wengi wa Karagwe waliotibiwa Nyakahanga, na wa Kyerwa waliotibiwa Isingiro, wamepata kupewa mkononi, wakaikunja, wakaitia mfukoni, wakafika nayo nyumbani bila kujua imesema nini. Ni karatasi ya majibu ya damu.

Kwanza tukumbushane juu ya figo. Mtu anazo mbili, mgongoni, karibu na mbavu za chini, na kila moja ni kiasi cha ngumi. Kazi yake ni kuchuja damu usiku na mchana. Taka hutoka kwa mkojo, na chumvi zinazohitajiwa na mwili hubaki kwa kiasi chake. Figo zikichoka hazipigi kelele. Mtu aweza kulima, kula na kulala vizuri, na huku nusu ya nguvu za figo zake imekwisha potea. Ndiyo maana mganga hutaka damu.

Sasa choreni safu nne. Ya kwanza ni jina la kipimo. Ya pili ni namba yako. Ya tatu ni kizio, yaani kile kinachotumika kupimia, kama kilo kwa kahawa na lita kwa mafuta ya taa. Ya nne ni mipaka ya kawaida.

Andikeni majina. Sodiamu: mipaka yake ni 135 hadi 145. Potasiamu: 3.5 hadi 5.0 au karibu na hapo. Hizo mbili ni za chumvi, nazo huhesabiwa kwa milimoli katika lita moja. Kisha yurea na kreatinini, ambazo ni taka. Yurea hutokana na vyakula vya kujenga mwili, kama nyama na maharagwe. Kreatinini hutokana na misuli. Angalieni sana ile nukta: 4.5 si 45.

Hapa pana mtego. Tuseme mkulima wa Murongo alipimwa kreatinini, akaandikiwa 1.1. Baada ya miezi michache akapimwa katika hospitali nyingine, akaandikiwa 97. Anarudi nyumbani ameshika kichwa, anafikiri habari ya kuuza ng'ombe. Lakini safu ya tatu hakuitazama. Karatasi ya kwanza ilihesabu kwa miligramu katika desilita, na ya pili kwa mikromoli katika lita. Chukueni 1.1, mzidishe kwa 88.4. Mnapata 97.24. Figo zake ziko pale pale zilipokuwa. Ng'ombe na abaki zizini.

Je, 97 ni nzuri au mbaya? Inategemea ni ya nani. Kijana wa miaka 25, mwenye misuli ya jembe, akiwa na 97, figo zake husafisha kama mililita 95 za damu kwa dakika, kwa kanuni ya hesabu iliyotolewa mwaka 2021. Bibi wa miaka 75 mwenye 97 ile ile, figo zake husafisha kama 52 tu. Hesabu hiyo ikikaa chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi, waganga husema figo zina ugonjwa. Kwa hiyo usichukue karatasi ya jirani ukailinganisha na yako. Muulize mganga: “Kwa umri wangu, figo zinasafisha kiasi gani?”

Sasa tukae kidogo kwenye potasiamu, maana hapa ndipo penye hatari. Moyo hupiga vema potasiamu ikiwa na kiasi chake. Ikizidi sana, hasa ikipita 6.5, moyo waweza kupoteza mwendo wake hata kusimama, na mwenyewe asisikie dalili yoyote kabla.

Lakini namba hiyo pia huweza kudanganya. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna potasiamu nyingi. Damu ikivutwa kwa nguvu, au kichupa kikitikiswa njiani juu ya pikipiki, au kikikaa saa nyingi kabla ya kupimwa, chembe hupasuka na potasiamu yake humwagika. Mashine husoma 6.8, na mgonjwa mwenyewe ana 4.5. Basi tufanyeje? Damu irudiwe kupimwa siku ile ile, na moyo upimwe kwa mashine yake kama ipo. Usiseme, “Labda ilipasuka tu,” ukaenda zako. Anayeweza kusema hivyo ni kipimo cha pili.

Huku kwetu chakula ni ndizi na maharagwe, na vyote viwili vina potasiamu nyingi. Mwenye figo nzima hana neno. Ziada hutoka kwa mkojo. Aliyeambiwa na mganga kwamba potasiamu yake imezidi ndiye apunguze. Ndizi akatekate vipande vidogo, azichemshe katika maji mengi, maji hayo ayamwage, wala asiyafanye mchuzi. Mimi mwenyewe singependa kuambiwa niache ndizi, wala wewe usiache kabla ya kuambiwa.

Jambo jingine dogo. Mtu aliyetapika au kuhara sana, yurea yake hupanda kuliko kreatinini, kwa kuwa maji yamepungua mwilini. Mwambie mganga habari hiyo. Mwambie pia kama unameza diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya kiuno, maana vidonge hivyo huumiza figo zilizochoka, na karatasi haitamwambia.

Zoezi. Bibi wa Kayanga ana miaka 70. Karatasi yake yasema: sodiamu 138, potasiamu 6.7, kreatinini 160, kizio ni mikromoli katika lita. Chini fundi wa maabara ameandika: “Chembe za damu zimepasuka.” Mjukuu wake anataka warudi nyumbani kabla ya mvua. Andikeni mistari mitatu: namba gani imepita mpaka, swali gani aulize, na je, waondoke? Majibu tutayasoma katika somo lijalo.