TUWAANDIKE WAPAGAZI WETU
(Hotuba kwa wanachama wa Chanika, Handeni)



Tumesimama mbele yenu kwa neno moja: wapagazi wetu waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza wawekewe ukumbusho hapa Chanika, na majina yao yaandikwe.

Vita ile ya 1914 hadi 1918 haikuwa yetu. Waliogombania nchi ni Wajerumani na Waingereza. Waliobeba mizigo ni sisi. Wajerumani walitandika reli nyembamba kutoka Mombo mpaka Handeni, na vigari vyake vilisukumwa na watu. Reli ilipoishia, mizigo ilipanda vichwani ikaelekea kusini, kwenye Reli ya Kati. Juni 1916 Waingereza wakaiteka Handeni, nao wakataka wapagazi wao. Bwana alibadilika, mzigo ulibaki pale pale kichwani.

Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na njaa, malaria, kuhara damu na uchovu. Kikosi chao Waingereza walikiita Carrier Corps, na ndiko lilikotoka jina la Kariakoo ya Dar es Salaam. Sanamu ya Askari ilisimamishwa mjini humo mwaka 1927, lakini nenda ukaitazame: jina la mpagazi wa Handeni hulioni.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe kwamba watu kama 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Radhi tumeisikia. Lakini radhi ya London haimjui babu wa mtu wa Chanika. Anayemjua ni mjukuu wake.

Wako watakaosema: Handeni ina shida ya maji, ninyi mnataka mawe ya wafu! Wanasema kweli juu ya maji. Ndiyo maana hatuombi sanamu ya shaba. Tunataka tangi la kukinga maji ya mvua, lijengwe shuleni kwa mawe yetu na mikono yetu, na majina yachongwe ukutani pake. Mtoto akija na ndoo yake, atasoma.

Mwingine atauliza: aliyewabebea Wajerumani naye aandikwe? Aandikwe. Hakuna aliyemwuliza anapenda upande gani.

Basi kazi ni hii. Kila tawi lifungue daftari. Vijana mnaojua kuandika, nendeni kwa wazee mkaulize: nani alichukuliwa, wa ukoo gani, wa kijiji gani, alirudi au hakurudi? Jina likikosekana, andikeni ukoo. Msibuni hata moja, maana jina la uongo litawaaibisha wa kweli.

Tusingoje. Waliowaona wapagazi wale wamekwisha kufa. Waliosimuliwa na wazazi wao wamebaki wachache, na kila tukitoka makaburini tumezika na majina. Wageni waliwahesabu wapagazi kama mizigo. Sisi tuwahesabu kama watu.

Uhuru na Kazi!