Vinyago vya Changamwe na mtoto atakayeshika tezo

(Maandishi ya mazungumzo kwa wakaazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe)



Yuko mkaazi wa Chaani au Mikindani ambaye amepita barabara ya Port Reitz tangu akiwa mtoto wa shule. Anaijua karakana ya wachongaji wa Akamba kwa sauti yake: tezo zinagonga mti toka asubuhi. Anajua basi za watalii huingia pale. Lakini yeye mwenyewe hajaingia hata mara moja, kwa kuwa aliamini tangu zamani kwamba mahali pale ni pa wazungu.

Mazungumzo ya leo ni ya mkaazi huyo. Mombasa Bara ina nyumba yake ya sanaa, tena ya miaka mingi, na waliokosa kuingia ni majirani.

Chama cha ushirika cha wachongaji wa Akamba kilianzishwa Changamwe mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru. Waanzilishi wake walikuwa Wakamba waliohamia Pwani kufuata soko. Ufundi wenyewe ulikuwa na safari yake. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, kijana wa Wamunyu, Ukambani, aitwaye Mutisya Munge, alijikuta Tanganyika pamoja na jeshi la Waingereza. Huko aliona watu wakichonga mpingo kwa namna ambayo hakuwahi kuiona kwao. Vita vilipokwisha alirudi Wamunyu na ufundi ule, akachonga, jirani akatazama, mtoto wa jirani naye akaiga. Miaka michache baadaye Wamunyu ikawa kijiji cha wachongaji, na watoto wake wakatawanyika kwenda Nairobi na Mombasa. Basi ukiona twiga wa mbao katika duka la uwanja wa ndege huko Ulaya, ujue babu yake alipitia Tanganyika na Ukambani, na huenda alichongwa hapa Changamwe.

Pale karakanani hakuna ukuta mweupe wala taa za kumulika picha. Kuna vibanda vilivyo wazi, vipande vya mbao vimefunika ardhi, na watu wameketi chini, wengine wanaushika mti kwa nyayo ili mikono yote miwili iwe huru. Gogo hukatwa kwa msumeno, umbo likatolewa kwa tezo, kisha kisu na patasi hutafuta macho, masikio na kwato. Baada ya hapo ni msasa, mbaya kwanza na laini baadaye, halafu rangi na kung'arisha. Mchongaji mmoja kwa kawaida hushikilia umbo moja au mawili. Wa kifaru ni wa kifaru. Amelichonga umbo lile mara nyingi hata hahitaji kuchora mstari juu ya gogo.

Kando ya vibanda ndipo palipo ukumbi wa maonyesho na mauzo. Kila mwanachama ana namba, na namba hiyo huandikwa kwenye kinyago chake. Kikiuzwa, chama hujua ni nani wa kulipwa, na sehemu ya fedha hubaki kuendesha chama. Ni mpango mdogo, lakini ndio unaomtofautisha mchongaji wa ushirika na yule anayeuza kwa dalali ufukweni, ambaye akishapokea pesa zake hajui tena kazi yake imekwenda wapi wala imeuzwa kwa kiasi gani.

Suala la haki halikomi hapo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaitambua sanaa ya uchongaji. Haki ya mchongaji juu ya kazi aliyoibuni hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Hata hivyo vinyago vingi husafiri bila jina. Kibandiko cha duka hufunika ile namba, na aliyekinunua humwambia mgeni wake kwamba ni kinyago cha Afrika, basi. Mtu anaweza kuchonga miaka arobaini na asiachie wajukuu hata kazi moja inayosemwa kuwa ni yake.

Sasa mti. Hapa ndipo hadithi ya Changamwe ina mafunzo ambayo hata mtu asiyejali vinyago angefaa kuyasikia.

Kwa miaka mingi wachongaji walitegemea mpingo na muhugu. Mpingo hukua polepole mno. Mti wa kuchonga vizuri unaweza kuwa na miaka 70 au zaidi. Muhugu ulikatwa katika misitu ya Pwani, ukiwemo wa Arabuko-Sokoke, mpaka miti mikubwa ikawa adimu. Gogo likapanda bei, tena wakati mwingine lilikuja bila kibali na fundi akawa anafanya kazi huku akichungulia barabarani. Ndipo wataalamu wa mimea na shirika la WWF walipokaa na wachongaji kuuliza ni mti gani mwingine ungefaa. Jibu lilikuwa uani kwa kila mtu: mwarobaini. Mti huu ulitoka Bara Hindi, lakini umeikubali Pwani hata watoto hudhani ni wa asili. Hukua upesi, wadudu hawaupendi, na mkulima wa Kilifi au Kwale anaweza kuuza shina lake kama anavyouza nazi. Mwembe uliozeeka na kuacha kuzaa nao ukapata kazi, na mjakaranda vilevile.

Haukukubalika siku moja. Mbao za mwarobaini ni za rangi ya kahawia yenye mistari, na mnunuzi alikuwa amezoea weusi. Wako waliokuwa wakipaka rangi ya viatu juu ya mti mweupe na kuuita mpingo. Ushauri kwa anayenunua: nyanyua kinyago kwanza. Mpingo ni mzito, hata majini huzama. Ukikiona cheusi na mkononi ni chepesi kama mwiko, tazama chini yake, rangi haifiki kila mahali.

Tatizo la pili lilikuwa unyevu. Mti mbichi ni rahisi kuchonga, lakini kinyago kikipelekwa nchi ya baridi, ndani ya nyumba zinazopashwa moto, hukauka haraka na kupasuka kifuani. Mnunuzi hurudisha mzigo mzima. Kwa hiyo ukaushaji ukawa somo lenyewe, na aliyelipuuza alilipa. Baadaye wachongaji wa Changamwe walipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachomhakikishia mnunuzi kwamba mti ulitoka katika mashamba yanayotunzwa. Cheti kama hicho hakileti wateja peke yake. Lakini kilionyesha kwamba mafundi waliosoma darasani miaka michache wanaweza kufuata kanuni ambazo viwanda vikubwa huzikimbia.

Kwa wakaazi wa upande wa Kisauni na Nyali, mfano mwingine uko Bombolulu, kando ya barabara ya Malindi. Karakana zile zilianzishwa mwaka 1969 chini ya Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo Kenya, APDK. Mafundi wake ni watu wenye ulemavu, na hutengeneza mapambo ya shingo na mikono, bidhaa za ngozi, nguo na vinyago. Pia kuna nyumba za asili za jamii mbalimbali za Kenya, ambazo zimekuwa darasa la safari za shule. Anayekwenda pale kwa kuonea huruma hurudi amenunua kwa sababu mkufu ni mzuri. Ndivyo inavyopaswa.

Kisa cha mazungumzo haya, hata hivyo, ni watoto. Vituo hivi vyote vilijengwa juu ya mtalii. Ghasia za Likoni za mwaka 1997 zilipozuka, shambulio la Kikambala lilipotokea mwaka 2002, na korona ilipofunga viwanja vya ndege mwaka 2020, tezo zilinyamaza. Kila mara kuna mafundi waliokwenda kuendesha bodaboda au kurudi kijijini, na si wote waliorudi. Mzee akiondoka karakanani, haachi kitabu. Uchongaji hufundishwa kwa kukaa kando ya fundi: mwanagenzi huanza na msasa kwa miezi, akapewa kijiko, akapewa mnyama mdogo, na akikosea huona gogo zima limekuwa kuni. Hakuna njia ya mkato, na hakuna mzee atakayekaa na kijana ambaye hajaletwa.

Katiba, katika Nyongeza ya Nne, imezipa kaunti kazi tatu zinazokutana hapa: shughuli za utamaduni, vyama vya ushirika, na vyuo vya ufundi vya vijijini. Mkaazi ana haki ya kuuliza zinakutana vipi. Vikao vya ushirikishwaji wa umma kuhusu bajeti ndipo mahali pa kuuliza. Swali lililo wazi lafaa zaidi kuliko malalamiko marefu: je, mafunzo ya useremala katika chuo cha ufundi yanaweza kuwa na muhula mmoja wa uchongaji, na fundi wa Changamwe akalipwa kama mwalimu? Je, shule zetu za msingi zinaweza kupeleka watoto karakanani kama zinavyowapeleka Fort Jesus?

Mkaazi wa Likoni hana tena sababu ya kusema feri ndiyo inayomzuia. Barabara ya Dongo Kundu imemuunganisha na upande wa Miritini. Wa Kisauni ana Bombolulu karibu, na Changamwe ni matatu mbili. Nenda Jumamosi na mtoto. Usianze ukumbini, anza vibandani, umwache atazame mpaka aulize. Mafundi wamezoea kutazamwa, na mtoto anayeuliza maswali huwafurahisha kuliko mtu mzima anayebishana bei.

Na ukinunua, hata kama ni kijiko cha ubao, omba uonyeshwe namba iliyo chini, kisha muulize mwenye namba hiyo anakaa kibanda kipi.