Picha Mbili za Ubongo, Kompyuta Maelfu

Mgonjwa aliyepigwa picha ya MRI ya ubongo mwezi Januari analala tena ndani ya mashine mwezi Juni. Daktari anataka kujua jambo moja: uvimbe umekua au haujakua? Lakini kichwa hakilali vile vile mara mbili. Kikiinama kidogo tu, uvimbe ambao haujabadilika utaonekana tofauti. Ndiyo maana kompyuta huisogeza na kuizungusha picha mpya hadi ilingane na ya zamani.

Hapo ndipo kazi ilipo. Picha yenye vipimo 256 kwa 256 kwa 256 ina nukta zaidi ya milioni 16, na kila inaposogezwa, hesabu huanza upya. Kichakataji kimoja kikizipitia mojamoja, mgonjwa atangoja sana.

Bahati nzuri, hesabu nyingi za nukta moja hazingojei za jirani yake. Ni kama kupalilia shamba: mtu mmoja atamaliza wiki nzima, kijiji kizima kitamaliza asubuhi moja. Kadi za kompyuta zilizotengenezewa michezo ya video (vijana wanazijua!) zina vichakataji vidogo maelfu. Kampuni ya NVIDIA ilipotoa CUDA mwaka 2007, ikawa rahisi kwa watafiti kuzipa kazi hii. Ugumu uliobaki ni kujumlisha majibu, maana hapo vichakataji hulazimika kungojana.

Kasi hiyo haifai kitu ikiwa picha ya kwanza imepotea. Ukienda kupigwa nyingine, beba CD ya zamani, si ripoti ya karatasi pekee.