Kuhama Kampuni ya Simu: Ada Ni Ndogo, Vizuizi Ndivyo Vikubwa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia, katika semina ya siku moja kwenye ukumbi wa parokia.)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo vikundi vingi vimeuliza. Je, inafaa kikundi kuhama kutoka kampuni moja ya simu kwenda nyingine, na kuhama huko kunatugharimu nini? Mawakala wanakuja sokoni na miavuli yao ya rangi, wanatangaza bando la bei ya chini, na jioni mwanachama anasimama mkutanoni na kuuliza, "Kwa nini tunaendelea na hawa wanaotunyonya?" Swali ni la haki. Lakini kabla ya kuinua mikono tupige kura, hebu tuhesabu.

Wazee walio hapa wanakumbuka enzi za Posta na Simu. Wakati ule hapakuwa na kuhama, maana hapakuwa na pa kuhamia. Uliandika maombi ya simu ya nyumbani, ukangoja hata miaka, na nguzo zikifika ulimshukuru Mungu. Shirika lile liligawanywa mwaka 1999, na kampuni za simu za mkononi zikaanza kushindana. Mwaka 2010 Tume ya Mawasiliano ilipunguza malipo ambayo kampuni hulipana simu inapovuka kutoka mtandao huu kwenda ule, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Bei ya kupiga simu ikaanguka, wengine wakafika shilingi 3 kwa dakika. Hayo ndiyo matunda ya kuwa na pa kuhamia, tusiyadharau.

Halafu Aprili 2011 ikaja ruhusa ya kuhama na namba yako. Kabla ya hapo ukihama kampuni uliacha namba, na watu wote wakakupotea. Sasa ungeweza kwenda kwa kampuni mpya na kitambulisho, ujaze fomu, namba ikufuate. Ada iliyowekwa wakati ule ilikuwa shilingi 200. Ukienda leo uliza kwanza, maana kampuni inayokutaka sana yaweza hata kukulipia.

Shilingi 200 si kitu cha kumzuia mtu. Lakini waliohama walikuwa wachache mno, na malalamiko yakawa mengi, kampuni hii ikisema ile inachelewesha, na ile ikijibu kwamba fomu zimejazwa vibaya. Kwa nini wananchi hawakuhama?

Kwa sababu ya pesa. M-Pesa ilikuwa imeanza mwaka 2007, na kufikia 2011 simu haikuwa simu tena, ilikuwa kibeti. Namba iliweza kuhama lakini kibeti hakikuhama nayo. Ukienda kwa kampuni nyingine na namba ile ile, ile M-Pesa uliyozoea unaiacha nyuma. Basi mama mwenye kibanda cha mboga alitazama mambo mawili: kupiga simu kwa bei nafuu, au kupokea pesa kutoka kwa mwanawe aliye Nairobi. Akachagua mwanawe. Na mimi nasema alipiga hesabu vizuri kuliko wale waliobuni mpango wenyewe.

Watu walijitafutia njia yao, wakanunua simu ya laini mbili. Laini moja ni ya pesa, nyingine ya maongezi na bando. Hata benki ya Equity ilipoingia katika biashara ya simu ilileta laini nyembamba sana, unaibandika juu ya sim kadi uliyo nayo, bila kuitoa. Kampuni kubwa ilipinga, mambo yakafika kwa serikali na mahakamani, na mwaka 2014 ikaruhusiwa kwa majaribio. Oneni werevu wao. Walijua Mkenya hatatoa laini yake ya zamani, kwa hiyo hawakumwomba aitoe.

Tangu 2018 unaweza kutuma pesa kutoka mtandao mmoja zikaingia katika simu ya mtandao mwingine. Mwaka 2022 Benki Kuu ilitangaza pia kwamba mtu wa mtandao mmoja anaweza kulipia namba ya biashara ya mtandao mwingine. Ukuta umepungua urefu, ila haujaanguka.

Kuna kizuizi kingine ambacho wakala hatakutajia pale chini ya mwavuli, nacho ni mkopo. Ile mikopo midogo ya simu hutolewa kwa kutazama umri wa laini yako na jinsi unavyoitumia. Mtu aliyetumia laini yake miaka minane, akiweka, akikopa na kulipa, amejenga jina. Akihamia kwingine anaanza kama mgeni, hata kama ni mwaminifu kuliko sisi sote. Sifa yako iko katika daftari la kampuni uliyoiacha. Kwa mkulima anayekopa shilingi elfu mbili za mbegu kabla ya mvua, hiyo ni gharama kubwa kupita ada. Na kama una deni, lilipe kwanza. Kuhama hakufuti deni.

Muda wa maongezi uliobaki na bando lililobaki nao hauhami nawe. Utumie uishe.

Niseme kidogo juu ya intaneti ya nyumbani, maana shule zetu na zahanati zimeanza kuiweka. Hapo hakuna namba ya kuhama nayo, lakini kuna kile kisanduku chenye taa, ruta. Wakikuletea bure, uliza ni cha nani. Mara nyingi ni cha kampuni na ukiondoka wanakichukua. Vingine vimefungwa visipokee laini ya kampuni nyingine, kwa hiyo hata ukikinunua kinabaki kama sanduku la kuwekea vikombe juu. Iwapo kuna mkataba wa miezi kadhaa, someni kile kifungu cha kutoka kabla ya muda kwisha, ndipo mweke sahihi. Na msikate intaneti ya zamani kabla ya ile mpya kufanya kazi kwa wiki moja hivi, na mvua ikiwa imenyesha. Watoto wenu wanaopanga mjini watawaambia shida nyingine: kuna majumba ambayo mwenye nyumba ameruhusu kampuni moja tu kuvuta waya. Hapo kuhama kampuni ni kuhama nyumba.

Sasa nije kwa vikundi, maana hapa ndipo nimeona machozi. Kikundi kimoja, jina naliacha, kilikuwa kinachangia tangi la maji. Michango yote ilipitia laini ya mweka hazina. Mama yule hakuwa mwizi hata kidogo. Alipata laini mpya ya bei nafuu, ile ya zamani akaiweka kabatini. Laini isiyotumiwa kwa miezi kadhaa kampuni huifunga, na namba yaweza kupewa mtu mwingine. Ndivyo ilivyokuwa. Wanachama wawili waliokaa mbali, ambao hawakusikia tangazo, waliendelea kutuma kwa namba waliyoihifadhi. Pesa zikaingia kwa mtu asiyewajua. Nyingine zilirudishwa, nyingine hazikurudi, na maneno yaliyotokea kikundini yalikuwa mabaya kuliko hasara yenyewe.

Ona basi, laini ni ya yule aliyeandikishwa kwa kitambulisho chake. Kikundi kikisema "laini yetu", kampuni haiwajui. Maoni yangu ni kwamba pesa za kikundi zisilale katika simu ya mtu. Fungueni akaunti ya kikundi benki au katika SACCO, yenye watia sahihi watatu, na wanachama watume huko kwa kutumia namba ya benki na namba ya akaunti. Hapo simu inakuwa mlango tu, ghala liko kwingine. Mkiamua kesho kubadilisha kampuni mnabadilisha mlango, gunia halisogei.

Mkiamua kuhama kweli, msianze na shilingi 200. Andikeni katika daftari la mikutano kila kitu kilichofungwa na namba ile: michango, mkopo, ujumbe wa benki, fomu za serikali ya kaunti, namba iliyo kwenye bango la mradi. Toeni pesa zote kwenye laini. Ongezeni na nauli, kwa maana karani atakwambia urudi kesho. Kama nauli ya mjini kwenda na kurudi ni shilingi 300 na umeenda mara mbili, ada imeshapitwa mara tatu, na shamba limekaa siku mbili bila mtu.

Mkizungushwa, andikeni malalamiko kwa kampuni kwanza, mbaki na nakala. Wasipowajibu, pelekeni kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ndiyo ile Tume, ilibadilishwa jina mwaka 2014. Kanuni za kuwalinda watumiaji ziko tangu 2010, hamuombi hisani.

Baada ya mazungumzo, mzee mmoja aliuliza kama ni dhambi kuwa na laini mbili. Tulicheka, nikamjibu hapana, mradi zote ziandikishwe kwa jina lake na asisahau ile ya pili. Mama mwingine aliuliza afanye nini na namba ya zamani ya kikundi iliyochapishwa kwenye kadi za harambee ambazo tayari zimegawanywa. Nilimshauri aiweke hai mpaka kadi ya mwisho irudi. Atie salio kidogo kila mwezi, apige simu moja, na aandike gharama hiyo katika hesabu za kikundi kama matumizi mengine yoyote.